KAZI YA KAMPUNI ZA USHAURI WA TEKNOLOJIA: YAFAA AU HAIFAI?



Siku hizi ukimwuliza mwanafunzi wa Kidato cha Sita anayesoma hesabu na fizikia atafanya kazi gani, huenda akakujibu kwamba ataajiriwa na kampuni ya ushauri wa teknolojia huko Dar es Salaam au Nairobi. Mzazi aliyeuza maharage na kahawa ili apate ada husikia neno "mshauri" akafurahi, maana hapa kwetu Kasulu mshauri ni mzee mwenye mvi. Basi yafaa tujue kazi yenyewe ni nini.

Kampuni ya namna hii huuza saa za watu wake. Benki au wizara ikitaka mfumo mpya wa kompyuta, nayo haina wataalamu wa kutosha, huwakodi washauri kwa miezi kadhaa. Kazi ikiisha, wao huenda kwa mteja mwingine. Deloitte, PwC na KPMG zina ofisi Dar es Salaam, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina kampuni yake, UCC.

Faida ipo, wala siibezi. Kijana hujifunza upesi, kwa kuwa leo yu benki, mwakani yu katika shirika la maji, na daima yuko karibu na mtu anayemzidi ujuzi. Mshahara huja kila mwezi, jambo ambalo mkulima wa mihogo halijui. Tena jina la kampuni humsaidia hata yule asiye na mjomba ofisini.

Hata hivyo, wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mshauri huondoka kabla jembe halijaletwa! Mfumo ukikwama baadaye katika kituo cha mbali chenye mtandao hafifu, yeye hayupo. Hivyo aweza kujua mwanzo wa kazi nyingi asijue mwisho wa hata moja. Tazameni mfumo wa GePG, ule unaotoa kumbukumbu namba tunazolipia serikalini. Ulianza mwaka 2017, ukajengwa na wataalamu wa Serikali yenyewe. Ukiharibika, hawana pa kukimbilia, na nadhani hapo ndipo ufundi hukomaa.

Hasara ya pili ni kubwa zaidi. Saa zikikosa mnunuzi, mwenye saa hizo huachishwa. Andela, iliyoanza Lagos mwaka 2014 na kufika Nairobi mwaka 2015, si kampuni ya ushauri hasa, lakini biashara yake ilikuwa jamaa ya hiyo: ilifundisha vijana kuandika programu, ikawakodisha kwa makampuni ya ng'ambo. Septemba 2019 ilitangaza kupunguza vijana wapatao 400 wa Nigeria, Uganda na Kenya, kwa sababu wateja walitaka wenye uzoefu mrefu. Vijana hao hawakuwa wavivu.

Kwa maoni yangu, kijana wa Kasulu na aende, lakini aende kama aendaye shule ya pili, kwa miaka mitatu au minne, akishika fani moja barabara. Mzazi naye asianze kufyatua matofali ya nyumba kwa mshahara wa kwanza. Na kabla ya kutia sahihi mkataba, kijana aulize: siku nisizokuwa na mteja, nitalipwa nini?