Mchezo wa TV ukiisha, maongezi yanaanza

Mwezi huu tunaongelea jambo tunaloliona kila nyumba: vijana wanaangalia mchezo wa TV saa moja, halafu wanaubishania wiki nzima. Kwa nini?

Tuchukue mfano wa Star Trek, ulioanza Marekani mwaka 1966. Ndani yake Mmarekani, Mrusi, Mskoti na dada Mwafrika wanasafiri angani katika chombo kimoja. Dada huyo anaitwa Uhura, jina lililotokana na neno letu "uhuru". Iliposikika kwamba mchezo utasimamishwa, wapenzi wake waliandika barua kwa maelfu, na mwaka 1968 kituo cha NBC kikatangaza kuwa utaendelea. Ulikoma 1969, lakini mwaka 1972 wapenzi wake walikusanyika New York kuuongelea. Wengine walitunga wenyewe hadithi za kuuendeleza.

Basi mchezo wa namna hiyo unampa kila mtu nafasi yake, kisha unamwachia maswali. Mwenye swali humtafuta mwenzake.

Hata kwenye kibanda cha video hapa kambini, watoto wa makabila yaliyopigana wanakaa benchi moja wakibishana nani shujaa. Hilo si dogo. Saa ya masomo ibaki ya masomo, ndiyo, lakini tusiwafokee tu. Mtoto akirudi tumuulize: unampenda nani, na kwa nini? Huenda akatuambia ya moyoni ambayo hajawahi kuyasema.

Tukutane mwezi ujao.