Maktaba ya McMillan: nyumba njema si mlango

Wengi wetu wa Pwani tukifika Nairobi huswali Msikiti wa Jamia. Ukitoka, jirani yake utaona jengo lenye ngazi pana, sanamu mbili za simba na safu ya nguzo kubwa. Hiyo ni Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931. Aghalabu twapita tu, tukidhani ni afisi ya wakubwa.

Kudhani hivyo si ajabu. Mtindo wake umeigwa kwa mahekalu ya Wagiriki na Warumi: pande mbili zilingane, ngazi zimwinue mgeni, nguzo zimfanye ajione mdogo. Nyumba zetu za Lamu na Mji wa Kale zina baraza nje. Mpita njia huketi akazungumza kabla hata hajapiga hodi.

Lady Lucie McMillan aliijenga maktaba hiyo kumkumbuka mumewe, Sir Northrup. Kwa miaka 27 ilikuwa ya wazungu pekee, hadi ilipofunguliwa kwa watu wote mwaka 1958. Mwaka huo huo, hapa Mombasa, Fort Jesus iliacha kuwa gereza ikawa turathi inayolindwa.

Wako wanaouliza: kwa nini kodi yetu itengeneze jengo la mkoloni? Swali ni la haki, lakini jibu haliko kwenye nguzo. McMillan ina sheria yake mahsusi ya Bunge, na bado ilichakaa. Sheria yaweza kulinda ukuta. Haiwezi kumleta msomaji. Shirika la Book Bunk, lililoshika kazi ya ukarabati pamoja na kaunti ya Nairobi, lilianza na matawi ya Kaloleni na Makadara, mitaani wanakoishi watu. Hapo walilenga vyema.

Nasi Pwani tujifunze. Kila yanapotajwa majengo yetu ya kale, mazungumzo huishia kwenye rangi, milango ya nakshi na watalii. Tuwaulize viongozi wetu mengine. Mwanafunzi wa Kibokoni ataingia bure? Vitabu vya Kiswahili vitakuwamo? Mwenye kiti cha magurudumu atapanda vipi ngazi hizo? Jioni, watoto wakitoka skuli na madrasa, mlango utakuwa wazi?

Wazee walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Jengo la umma ambalo umma hauingii, hata likipakwa chokaa kila mwaka, bado ni la mkoloni.