MFINYANZI ASILE TENA GAENI

Wahenga walinena kuwa mfinyanzi hulia gaeni. Maana yake ni kwamba yule anayewatengenezea watu vyungu vizuri, yeye mwenyewe hulia chakula chake katika kipande cha chungu kilichovunjika. Methali hii tunaikariri, tunaitungia insha, tunapewa alama, basi. Mimi leo naipinga. Si kwamba wahenga walidanganya, la hasha! Walisema waliyoyaona. Kosa ni letu sisi tunaoyaona hayo hayo mpaka leo na kunyamaza.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Nyanya yangu ni mfinyanzi. Mwaka jana wakati wa likizo nilimsaidia kupeleka vyungu sokoni. Nilipowaona wenzangu wawili wa darasa letu wakija, niliinama nyuma ya mtungi mkubwa nikajifanya natafuta kitu. Nyanya aliona, lakini hakusema neno. Jioni alifungua kitambaa alichofungia mauzo ya siku ile, akanihesabia pesa za karo. Tangu siku hiyo najiuliza: kwani nilikuwa naona haya gani?

Wengi husema ati ufinyanzi ni kazi ya mtu asiyesoma. Hebu tutazame Nigeria. Ladi Kwali alizaliwa katika kijiji cha Kwali na kujifunza kufinyanga angali mtoto. Alipanga kamba za udongo moja juu ya nyingine, kisha akachora mijusi na samaki ubavuni mwa mtungi. Mnamo mwaka wa 1954 alijiunga na kituo cha mafunzo ya ufinyanzi cha Abuja, kilichoanzishwa na Mwingereza Michael Cardew. Hapo vikombe, birika na mabakuli ya matumizi ya kila siku vilichomwa katika tanuri ya kuni yenye joto linalopita digrii 1200. Mwaka wa 1977 Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello kilimtunuku Ladi Kwali shahada ya heshima ya udaktari. Leo picha yake iko kwenye noti ya naira 20. Je, huyo naye alilia gaeni?

Tofauti ya vyombo vya Abuja na vya nyanya yangu haiko mikononi. Iko motoni. Vyungu vyetu huchomwa uwanjani kwa kuni na nyasi, na joto hilo halitoshi kuziba vitundu vidogo vilivyomo katika udongo. Ndani ya tanuri kali, udongo unaofaa huanza kuyeyuka kidogo na kushikamana mpaka chombo kinakuwa kigumu kama jiwe. Tena hupakwa mchanganyiko wa majivu, mawe yaliyosagwa na udongo, ambao ukiyeyuka hugeuka kuwa kioo chembamba. Sasa hiyo si kemia? Majivu ya jikoni na jiwe la kando ya mto! Mbona tunakariri fomyula na hatuoni kwamba maabara iko nyumbani?

Sisemi mtungi wa nyanya utupwe. Vile vitundu ndivyo vinavyotoa jasho na kuyapoza maji yetu bila friji. Lakini kikombe cha chai na bakuli la mchuzi vinataka udongo usionyonya. Kila chombo na kazi yake.

Huku kwetu pia tuna mfano. Magdalene Odundo alizaliwa Nairobi mwaka wa 1950. Katika miaka ya 1970 alikwenda Abuja kujifunza katika kituo kile kile. Vyungu vyake vimewekwa hata katika British Museum kule London, na mwaka wa 2020 Uingereza ilimtunuku cheo cha Dame. Huyu hufinyanga kwa mkono bila gurudumu, kama nyanya yangu. Huko wanaona sanaa, sisi hapa tunaona umaskini.

Najua wengine watanijibu kwamba sahani ya plastiki ni rahisi na haivunjiki. Ni kweli. Tena tanuri hugharimu pesa na hula kuni nyingi, wala mama mmoja hawezi kuijenga peke yake. Ndiyo maana nasema wafinyanzi wajiunge katika vikundi wawe na tanuri moja, na waliosoma wawasaidie badala ya kuwacheka. Sisi nasi tuanze hapa shuleni. Chama chetu cha Kiswahili kizuru Ilesi, kule Kakamega, ambako vyungu hupangwa kando ya barabara. Mwalimu wetu wa kemia atuonyeshe jinsi majivu yanavyogeuka kioo. Na mtu akienda sokoni asimtese mfinyanzi kwa kuteta shilingi kumi, ilhali dukani hulipa bei iliyoandikwa bila kufungua mdomo.

Wahenga hao hao walisema udongo uwahi ungali maji. Sisi wanafunzi ndio udongo huo, bado hatujakauka. Likizo ijayo nitarudi sokoni na nyanya. Ukipita, utanikuta nimeketi mbele ya vyungu, si nyuma yake. Karibu ununue.