Jina la Fundi Liko Wapi?

Marehemu ami yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mpiga fidla wa taarabu mjini Mombasa. Ndani ya fidla ile mlikuwa na kikaratasi chenye jina la Antonio Stradivari, fundi wa Cremona, Italia, aliyefariki mwaka 1737. Utotoni nikiamini kuwa nyumbani kwetu mna hazina. Ukubwani nikaja kujua kwamba viwanda vya Ujerumani vilitoa fidla kwa maelfu na kuzibandika jina hilo hilo.

Kisa hicho nilikikumbuka nilipokwenda Turkana. Sokoni Lodwar nilinunua ekicholong, kigoda cha Waturkana kinachochongwa kwa kipande kimoja cha mti. Mchana hukaliwa, usiku huwa mto, ili nywele zilizotengenezwa zisiguse mchanga. Kilikuwa kikuukuu, kimeng'aa kwa kushikwa miaka mingi. Nikamwuliza mwuzaji, "Nani aliyekichonga?" Akacheka. "Waturkana," akanijibu.

Kakuma, kilomita kama 120 kutoka Lodwar, nikamkuta mzee kivulini amekalia chake. Nikamwamkia, kisha nikamwuliza, "Mzee, kigoda hiki chauzwa?"

"Hakiuzwi. Nimekichonga mwenyewe."

Nikaona haya. Kumbe kile nilichokinunua nacho kilikuwa na mwenyewe.

Wako watakaosema kuwa hicho ni chombo cha mchungaji tu, si sanaa. Mbona basi British Museum ya London imeviweka? Na humo katika majumba ya makumbusho, mara nyingi maandishi hutaja kabila, fundi asitajwe. Nasi watu wa pwani tusijitoe lawamani. Milango yetu ya nakshi ya Lamu na Mombasa twaisifu mno, lakini ni wangapi kati yetu wawezao kumtaja aliyeshika patasi?

Rai yangu ni nyepesi. Anunuaye aulize jina la fundi, kijiji chake na mwaka wa kazi, kisha ayaandike chini ya kigoda. Mwenye duka naye afanye hivyo. Kazi yenye jina huheshimiwa, na fundi aliye hai aweza kudai bei ya haki.

Changu nimekiweka sebuleni, kando ya fidla ya ami. Fidla ina jina la mtu asiyeiunda; kigoda kiliundwa na mtu ambaye jina lake sikulipata.