Somo Lipimwe kwa Kifaa Dhaifu

Katika vyuo vyetu vya ualimu, pamoja na ubao, chati na vielelezo halisi, imeingia zana nyingine: slaidi zinazotayarishwa na kuonyeshwa kwa njia ya intaneti. Zana hii ni njema. Mwanachuo wa Tukuyu au Mpuguso aweza kutayarisha somo jioni na kulifungua kesho yake katika shule yoyote ya wilaya ya Rungwe yenye mtandao. Hata hivyo, wengi hudhani kuwa somo likifunguka vizuri mahali lilipotengenezwa, litafunguka vizuri kila mahali. Dhana hiyo haina budi kusahihishwa kabla wanachuo hawajaenda katika mazoezi ya kufundisha.

Tuchukue mfano wa somo la jiografia juu ya Daraja la Mungu, lile daraja la mwamba lililojengwa na maumbile juu ya Mto Kiwira. Mwanachuo ametayarisha slaidi katika kompyuta ya chuo: picha ya daraja, mishale inayotembea kuonyesha maji yapitavyo chini ya mwamba, na maswali yanayojitokeza moja baada ya jingine. Darasani anazifungua katika kishikwambi cha shule. Picha imekatwa upande, mishale imesimama, na kitufe cha kwenda mbele hakionekani. Kipindi ni cha dakika 40. Akihangaika kwa dakika 15, watoto wamekwisha kupoteza zaidi ya theluthi moja ya somo lao.

Yafaa tuelewe sababu. Slaidi za intaneti si picha iliyokwisha kuchorwa, bali ni maagizo. Anayeyasoma na kuyachora ni kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa, kama vile Chrome, Safari au Opera Mini. Kivinjari ni mfano wa mkalimani: asiyejua maneno mapya huyaruka. Chrome toleo la 120, lililotoka Desemba 2023, halikubali simu zenye Android 7. Simu hizo zingali zikifanya kazi, ila zimebaki na mkalimani wa zamani. Opera Mini nayo hupendwa kwa kubana matumizi ya data. Lakini inapobana sana, ukurasa hupunguzwa kwanza katika mitambo ya kampuni, na mara nyingi vitu vinavyotembea huishia njiani. Aidha, aina ya herufi isiyokuwamo katika kifaa hubadilishwa kwa nyingine, na mstari uliotosha ukapita ukingo.

Wapo wasemao kuwa dawa ni kununua vifaa vipya. Lakini kipya cha leo ni kikuukuu cha kesho. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Agosti 2022 na kisha kugawiwa walimu, navyo vinazeeka. Tena, masomo yaliyotengenezwa kwa Flash yaliacha kufunguka katika vivinjari baada ya Adobe kusitisha programu hiyo tarehe 31 Desemba 2020, hata katika kompyuta mpya kabisa.

Kwa hiyo maoni yangu ni kwamba somo lipimwe kwa kifaa kilicho dhaifu kuliko vyote vitakavyotumika. Kwanza, mwanachuo alijaribu somo katika kifaa cha shule, na ikiwa hawezi kukipata, katika simu ya zamani ya mwenzake. Pili, kila slaidi ibebe wazo moja kwa herufi kubwa, na maana yake isitegemee kitu kinachotembea. Tatu, nakala ya PDF ihifadhiwe ndani ya kifaa chenyewe, maana hiyo hubaki na umbo lake na haihitaji mtandao. Nne, mchoro mkuu wa somo mwalimu aweze kuuchora ubaoni kwa chaki.

Wakufunzi nao wana wajibu. Tukitoa alama nyingi kwa slaidi zenye mapambo, tunampendelea mwenye simu ya bei kubwa na kumfundisha mwanachuo kuipendeza kompyuta ya chuo badala ya darasa la Masoko au Kiwira. Napendekeza andalio la somo liongezwe mstari mmoja: “Somo hili limejaribiwa katika kifaa gani?” Mkufunzi asitie saini mpaka mstari huo umejazwa.