Nasaha za Nyumbani: Maji ya Bwawa na Haki ya Samaki



Mwezi huu twaweka mbele yenu jambo ambalo kwa juu laonekana dogo, nalo ni joto la maji katika mabwawa ya samaki. Siku hizi wako watu wa huku Simiyu, na kwingineko katika mikoa ya kandokando ya Ziwa Viktoria, ambao wamechimba mabwawa ya kufugia sato na kambale nyuma ya nyumba zao au pembeni mwa bustani. Kazi hiyo ni njema. Huleta kitoweo cha halali, huwapa watoto chakula cha kujenga mwili, na mwenye nacho aweza kumgawia jirani. Lakini ifikapo Septemba na Oktoba, jua likawa kali na mvua bado haijashuka, hutokea mwenye bwawa akaamka asubuhi akakuta samaki wake wanaelea, matumbo juu.

Hapo ndipo maneno huanza. Huyu husema ni jicho la hasidi, yule husema bwawa limetiwa sumu usiku, na wa tatu hukumbuka ugomvi wa mpaka wa shamba wa mwaka juzi. Mara jirani hamsalimu jirani, na watoto hukatazwa kucheza pamoja. Hatukatai kwamba hasidi yupo, kwani Qurani Tukufu yatufundisha kujikinga na shari yake. Lakini kabla ya kumtuhumu mtu yatupasa tutazame kwanza sababu ambazo Mwenyezi Mungu ameziweka katika maji yenyewe. Dhana mbaya kwa Mwislamu asiye na hatia ni dhambi, na dhambi hiyo haifutiki kwa kuwa samaki wamekufa.

Basi na tuanze na sababu. Samaki huvuta hewa kama sisi, ila yeye huivuta kutoka katika maji kwa matamvua yake. Hewa hiyo ni oksijeni iliyoyeyuka majini, nayo ni chache. Maji yenye joto la nyuzi 20 huweza kubeba miligramu 9 hivi za oksijeni katika kila lita 1. Maji hayo hayo yakifika nyuzi 30 hubeba miligramu 7 na nusu tu. Na sisi tulio bara, juu ya usawa wa bahari kwa mita zaidi ya 1,100, hupunguziwa tena, kwa kuwa hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani. Tena joto humwongezea samaki haja ya hewa, kama vile mtu apandaye mlima ahemavyo. Hivyo siku ya joto riziki ya hewa hupungua wakati ule ule ambao mlaji amezidi kuihitaji.

Yako na mengine. Maji ya bwawa lenye mbolea huwa ya kijani kwa sababu ya mwani mdogo mdogo usioonekana mmoja mmoja. Mchana mwani huo hutoa oksijeni kwa nguvu ya jua. Usiku huacha kuitoa, nao huivuta pamoja na samaki. Kwa hiyo saa mbaya kabisa ya bwawa ni alfajiri, kabla ya jua kuchomoza, na hasa baada ya siku ya mawingu mazito. Mwenye kuamka kwa ajili ya sala na apite bwawani kwake wakati huo. Akiwaona sato wamejaa juu, midomo wazi, wanalamba hewa, ajue kwamba hapana aliyewaroga, wamekosa pumzi. Akimwona kambale yu salama ilhali sato wanakufa, na hilo lisimshangaze, kwani kambale amejaliwa kiungo cha ziada cha kuvutia hewa ya juu, na sato hana. Ingekuwa ni sumu, kwa kawaida ingewadhuru wote wawili.

Sato mwenyewe ni samaki wa nchi za joto. Hustawi vizuri katika maji ya nyuzi 27 hadi 30, na baridi kali humdhuru. Basi hatusemi kwamba maji yawe baridi kama ya mtungini, bali yasivuke kiasi. Wale samaki wa rangi waitwao koi, ambao Wajapani huwafuga kwa kupendeza macho, asili yao ni nchi yenye majira ya baridi, na joto letu huwataabisha mapema zaidi. Mwenye kuwataka hao na ajue kwamba amejitwika kazi kubwa kuliko ya mfuga sato.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Mwaka 1949, wakati wa Tanganyika ya ukoloni, majaribio ya kufuga perege yalianzishwa Korogwe katika Tanga, na Malya, ambayo si mbali na huku kwetu. Mabwawa yalichimbwa mengi, lakini mengi hayakuleta faida. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni uangalizi mbaya, ufundi usiofaa na ukame. Mtu aliyechimba bwawa leo asidhani kwamba kuchimba ndiko kufuga.

Sasa tutaje njia za kulinda maji.

Ya kwanza ni kina. Bwawa la goti moja hupata moto lote kama sufuria. Bwawa lichimbwe lipate mita 1 upande wa juu na mita 1 na nusu upande wa chini, ili samaki apate pa kukimbilia jua la saa nane. Tope lijaalo chini litolewe kila baada ya mavuno, kwani hula kina na huoza. Na kwa kuwa kina kina hatari yake, bwawa lizungushiwe uzio. Mtoto ni amana kubwa kuliko samaki wote.

Ya pili ni kivuli. Isimikeni miti upande wa magharibi, ambako jua la alasiri hutokea, na juu yake tandikeni nyasi au mabua ya mtama. Kivuli kifunike theluthi moja ya bwawa, wala kisilifunike lote, kwa maana mwani wahitaji jua, na sato hula mwani. Mti mkubwa usipandwe juu ya tuta, kwani mizizi hupasua tuta na majani huanguka yakaoza majini. Tena jihadharini na mnyaa, ule mti wa ua wenye utomvu mweupe. Utomvu wake huua samaki. Aliyekata ua wake akatupa matawi majini amejitilia sumu kwa mkono wake. Na gugumaji, lililoingia katika Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980, lisiletwe bwawani kwa tamaa ya kivuli. Huzaana upesi likafunika maji yote, na chini yake samaki hukosa hewa.

Ya tatu ni kiasi. Samaki 2 au 3 katika kila mita 1 ya mraba watosha kwa bwawa lisilo na mashine ya kutia hewa. Mbolea nayo iwe kwa kipimo. Zamisheni mkono taratibu hadi kiwiko. Kiganja kikipotea machoni kabla kiwiko hakijafika majini, mbolea imezidi, acheni kuitia. Chakula kitolewe saa nne asubuhi na saa kumi jioni, wala kisitolewe alfajiri. Siku samaki wanapolamba hewa msiwape chochote, kwani pumba isiyoliwa huoza, na uozo huila ile oksijeni kidogo iliyobaki.

Ya nne ni maji mapya. Mwajua kwa nini mtungi hupoza maji: hutoa jasho, na jasho likikauka huchukua joto. Bwawa nalo hupoa kwa njia hiyo, upepo ukipita juu yake. Maji ya kuongeza yatiwe jioni au alfajiri, yakipita katika debe lililotobolewa matundu, yanyunyizike kutoka juu. Hapo hupoa na hukamata hewa. Maji ya kisima kirefu mara nyingi hutoka na hewa chache, basi kuyanyunyiza ni lazima. Ya bomba yenye dawa yaachwe kwanza yakae wazi siku nzima. Mvua ya kwanza ikinyesha kwa ghafula juu ya maji ya moto, angalieni pia, kwani huweza kupindua maji mabaya ya chini yakaja juu.

Lakini hapa kwenye maji mapya ndipo penye mtihani wa kweli. Tuseme bwawa lina mita 10 kwa 15, yaani mita za mraba 150. Ikiwa maji yapungua kwa jua milimita 5 tu kwa siku, hizo ni lita 750, sawa na madumu 37 na nusu ya lita 20. Yatatoka wapi madumu hayo mwezi wa Oktoba, wakati kina mama wamepanga foleni kisimani tangu usiku, na ng'ombe wamesimama wakilia? Sheria yetu imekataza kumnyima mwenye kiu maji yaliyozidi haja, na wanazuoni wamepanga: kiu ya mwanadamu kwanza, kisha ya mnyama, kisha mazao. Atasema mtu, samaki naye ni mnyama. Ni kweli. Lakini samaki aweza kuvuliwa leo akaliwa na kukaushwa, na bwawa likapumzika. Mtoto mwenye kiu hana njia nyingine. Basi asiyekuwa na maji yake mwenyewe asichote madumu 37 katika kisima cha watu wote, hata kama hapana anayemkemea.

Dawa yake ni kufuata majira. Sato akilishwa vizuri hufikia kuliwa katika miezi 6 hadi 8. Tieni vifaranga mvua zikisha kukolea, mwezi wa Desemba, mvune kati ya Juni na Agosti kabla ya jua kali. Septemba iwakute mmebakiza wazazi wachache tu wa mbegu katika kona yenye kina na kivuli, au hamna kitu. Mwenye kufanya hivi hatagombana na kisima wala na jua.

Wako waulizao kama samaki aliyejifia majini ni halali. Maiti ya samaki ni halali kwetu Mashafii, hata akielea, ingawa Mahanafi wana kauli nyingine juu ya aeleaye. Lakini aliyekwisha oza na kudhuru mwili haliwi. Na kumpeleka sokoni chini ya fungu, wazima wakawekwa juu, ni jambo jingine kabisa. Bwana Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika rundo la nafaka sokoni akakuta umajimaji ndani yake, akamwambia muuzaji auweke juu watu wauone, na akawaonya wenye kughushi kwamba hawamo katika njia yake. Hasara ya bwawa ni ya mwenye bwawa; asimuuzie mama wa watu.

Wengine huuliza juu ya udhu. Rangi ya kijani itokanayo na mwani haiyadhuru maji mengi. Lakini ikiwa rangi, ladha au harufu imegeuzwa na samadi, ambayo kwa madhehebu yetu ni najisi, maji hayo hayafai kwa twahara.

Ndugu zangu, samaki wa ziwani akishikwa na joto huzama vilindini au huhama. Huyu wa bwawani tumemfungia sisi. Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka, kwa kuwa alimfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Wamepokea vile vile habari ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu. Aliyefunga kiumbe ameichukua dhamana yake, na samaki hana sauti ya kulia mlangoni. Kwa hiyo mwenye bwawa na alitazame kila alfajiri, na aliyekuwa amemkasirikia jirani yake kwa samaki waliokufa Oktoba iliyopita, na ampelekee salamu leo, na fungu la samaki akivuna.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali na maji ya kutosha sisi na viumbe tuliowafuga. Amin.

Wabillahi tawfiq.