Minara ya simu na nyumba zetu: khatari iko wapi?

Sifa zote njema anastahiki Allah, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Llahu alayhi wa sallam), Ahli zake na Swahaba zake.

Kila shehia inapopata mnara mpya wa simu, maswali hutufikia yakiwa mawili. La kwanza ni la wazazi: je, mionzi ya mnara ule itawadhuru watoto wetu? La pili ni la kamati za misikiti: kampuni inataka kukodi paa, au mnara wa adhana, ili ifunge antena zake; je, tukubali? Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote umekuwa ukigharamia minara katika shehia za Unguja na Pemba, kwa hiyo maswali haya hayatapungua. Tunayajibu pamoja, maana la pili haliwezi kujibiwa kabla ya la kwanza.

Antena za simu, redio na televisheni hurusha mawimbi ya sumakuumeme. Neno "mionzi" linatutisha kwa sababu tumelizoea kwenye habari za eksirei na mabomu ya nyuklia. Mawimbi ya redio ni aina nyengine. Eksirei ina nguvu ya kuharibu chembe za urithi ndani ya mwili. Mawimbi ya redio hayana nguvu hiyo. Madhara yake yaliyothibitika ni joto: yakizidi kiasi, hupasha moto mwili kama oveni ya maikrowevu inavyopasha chakula. Ndiyo sababu kamisheni ya kimataifa inayoshughulikia kinga ya mionzi ya aina hii, ICNIRP, iliweka viwango mwaka 1998 na kuvipitia upya mwaka 2020. Kiwango cha mwili mzima kwa raia wa kawaida kimewekwa mara 50 chini ya pale ambapo madhara ya joto huanza kuonekana.

Tupige hesabu. Chukua antena ya wati 40 inayoyakusanya mawimbi mbele yake mara 50. Kwa mtu aliyesimama mbele yake, ni sawa na wati 2,000. Akiwa mita 50, zinamfikia wati 0.064 hivi kwa kila mita ya mraba. Kiwango cha juu kwa masafa ya megahezi 900 ni wati 4.5. Yaani anapata sehemu moja tu kati ya 70. Akisogea hadi mita 100, kiasi hicho hugawanyika kwa 4. Lakini akikaribia hadi mita 4, mbele ya antena, hufika wati 10 hivi, na hapo amevuka kiwango.

Hesabu hiyo inatuonesha khatari ilipo. Antena hizi hurusha mbele, zikiwa zimeinama kidogo tu. Anayepita chini ya mnara hupata kidogo kuliko watu wanavyodhani. Mwenye khatari ni aliye juu, usawa wa antena, hatua chache mbele yake: fundi aliyepanda bila ya antena kuzimwa, mtoto aliyefuata tiara lake juu ya paa, na kijana wa msikiti anayepanda mnara wa adhana kutengeneza spika. Huyu wa mwisho tunamsahau kabisa. Tunajadiliana juu ya waumini walioko chini, naye anasimama mita moja mbele ya antena, hana habari.

Vipi kuhusu saratani? Mwaka 2011 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, IARC, iliyaweka mawimbi ya redio katika kundi la 2B, la vitu ambavyo "huenda" vikasababisha saratani. Habari hii husambazwa kila mara, lakini haisemwi kuwa ushahidi ulikuwa mdogo, wala kwamba ulihusu zaidi watu wanaotumia sana simu za mkononi, si majirani wa minara. Mwaka 2024 ulitoka uchambuzi ulioagizwa na Shirika hilo hilo, uliopitia tafiti 63. Haukuona uhusiano kati ya simu na saratani ya ubongo, wala kati ya mitambo ya kurushia matangazo na saratani ya damu kwa watoto.

Tuongeze jambo ambalo wengi hawalijui. Simu iliyobanwa sikioni kwa kawaida huleta mawimbi mengi mwilini kuliko mnara wa mbali. Na mtandao unapokuwa dhaifu, simu huongeza nguvu ili isikike. Basi tukiufukuza mnara mbali sana, huenda tukawa tumeongeza kile tulichokikimbia.

Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuichunguza habari kabla ya kuifanyia kazi, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Mwaka 2020, nchini Uingereza, watu walichoma moto minara kwa uvumi kwamba mtandao wa 5G unaeneza corona. Mmoja wa iliyoshambuliwa ulihudumia hospitali ya muda ya wagonjwa wa corona huko Birmingham. Wagonjwa wasioruhusiwa kutembelewa ndio waliokuwa wakiitegemea simu kuliko mtu yeyote.

Hata hivyo, kuuepuka uvumi si kunyamaza. India, kwa mfano, ilipunguza viwango vyake mwaka 2012 hadi sehemu moja ya kumi ya vile vya kimataifa, kwa tahadhari. Na raia ana haki ya kujua kipimo cha mahali anapoishi. Nchini kwetu, Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, TAEC, ndiyo yenye dhamana ya kudhibiti mionzi, pamoja na hii ya minara. Wazazi wenye wasiwasi wapite kwa sheha, waandike barua, waombe kipimo. Waeleze mahali: darasa la madrasa, baraza ya ghorofa ya juu, paa la nyumba inayotazamana na antena. Waombe majibu yaandikwe kwa Kiswahili, yakionesha kilichopimwa na kiwango kinachoruhusiwa.

Tukija kwa kamati za misikiti: mali ya wakfu ni amana. Sharti la aliyeweka wakfu litazamwe kwanza, na wenye elimu ya jambo hilo waulizwe kabla ya kutia saini. Kisha mkataba useme mambo haya waziwazi: kipimo kifanywe kabla na baada ya antena kuwashwa, kirudiwe kila antena inapoongezwa, njia ya kupandia ifungwe kwa kufuli na iwekwe alama, na asipande mtu yeyote, hata wa spika, mpaka antena izimwe. Jenereta nalo lisisahauliwe. Moshi wake na kelele zake humfikia jirani kila siku, na madhara hayo hayahitaji mtaalamu wa kuyathibitisha. Kodi ya mwezi isitufumbe macho.

Kanuni za fiqhi zinatufundisha kwamba yakini haiondoshwi na shaka, na kwamba madhara huondoshwa. Kwa kanuni ya kwanza, hatuna haki ya kuwatisha majirani kwa jambo lisilothibitika. Kwa ya pili, hatuna udhuru wa kuiacha ngazi ya mnara wa msikiti bila ya kufuli. Ikiwa msikiti wenu tayari una antena, anzeni na kufuli hilo leo, kisha andikeni barua ya kuomba kipimo.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.